Maziwa yamegoma kuganda, msimlaumu binti: uzi wa mtindi, mbege, togwa na wadudu wao

#1 Mleta uzi (Moshi)

Wakuu, habari za jioni.

Nauza mtindi hapa Moshi, huu mwaka wa tisa. Kila asubuhi boda ananishushia madumu ya maziwa kutoka Kibosho. Nachemsha, napoza, natia mbegu, nafunika. Alfajiri nikifunua sufuria nakuta mtindi umeshika. Ukiinamisha sufuria, unajivuta wote kwa pamoja na haumwagiki. Mwezi uliopita nilifunua sufuria tatu kubwa, lita 60, nikakuta maziwa. Maziwa tu, yanacheza vilevile kama nilivyoyaacha jana jioni.

Nakaa na mpwa wangu, binti wa miaka 17. Yeye ndiye aliyetia mbegu jioni ile. Jirani aliyekuja kuchukua mtindi wa watoto akaangalia sufuria, akamwangalia binti, akasema: "Huyu ana mkono mzito. Au yuko kwenye siku zake?" Mimi kwa uchungu wa hasara sikumkatalia. Binti alisikia. Akaenda kusugua sufuria ambayo ilishatakata kitambo, machozi yanadondokea humohumo ndani.

Machozi yale ndiyo yaliyoniletea uzi huu. Najua huko majumbani wapo mabinti wengi wanaokatazwa kugusa mtungi wa maziwa au pipa la pombe, na kikiharibika chochote jina lao ndilo la kwanza kutajwa.

Kilichonifumbua macho ni sufuria ya nne. Ilikuwa ndogo, ya lita tano, maziwa ya mama mmoja wa Rau anayeniletea mwenyewe kwa ajili ya mteja wake maalumu. Usiku uleule, jiko lilelile, blanketi lilelile, mbegu ileile, na mkono uleule wa binti. Ikaganda vizuri kabisa. Basi mkono hauna kosa, na baridi ya mwezi wa sita haina kosa. Kosa lilikuwa ndani ya yale maziwa 60.

Kabla sijasema lilikuwa nini, tukumbushane mtindi unavyotokea.

Ile mbegu tunayotia, kijiko au kikombe cha mtindi wa jana, ni kundi la bakteria walio hai. Gramu moja tu inabeba mamilioni yao. Wanakula sukari ya maziwa na kutoa asidi ya laktiki, ndiyo ule uchachu tunaousikia ulimini. Asidi ikiongezeka, protini ya maziwa haiwezi tena kuelea, inashikana na kujenga wavu unaobana maji ndani yake. Wanaopima kwa vipimo wanasema maziwa mabichi yana pH (kipimo cha uchachu, kadiri namba inavyoshuka ndivyo uchachu unavyozidi) ya karibu 6.7, na yakishuka hadi 4.6 hivi yanashika. Mtindi wetu wa kienyeji unatengenezwa na bakteria wanaopenda joto la kawaida la nyumba, nyuzi 20 hadi 30. Yogati ya kopo ni kabila jingine, hao wanataka nyuzi 42 au 43.

Kwa hiyo mimi ni mfugaji, wakuu. Yule wa Kibosho anafuga ng'ombe watatu, mimi nafuga mabilioni. Wangu nao wanataka chakula, joto na banda safi, na wanaweza kufa. Bakteria mmoja akipata mazingira mazuri anaweza kugawanyika kila dakika 20. Pigeni hesabu: kwa saa nane mmoja anakuwa zaidi ya milioni 16. Ndiyo maana kijiko kimoja kinatosha sufuria nzima, na ndiyo maana uchafu kidogo kwenye dumu nao unatosha kuharibu kila kitu.

Kisa changu si kipya duniani. Mwaka 1856 kule Lille, Ufaransa, mtengenezaji mmoja wa pombe ya kiazisukari alimfuata Louis Pasteur analia shida kama yangu: baadhi ya mapipa yanatoa pombe, mengine yanachachuka hovyo. Pasteur akaangalia kwa hadubini. Kwenye mapipa mazuri aliona chembe za mviringo za hamira. Kwenye yaliyoharibika aliona vijidudu vidogo zaidi, virefu kama vijiti. Mwaka 1857 akaandika kwamba uchachu wa maziwa nao ni kazi ya viumbe hai. Kabla yake wataalamu wakubwa waliamini ni mambo ya kikemia tu, hayana uhai wowote. Sisi huku tuliweka mkono mzito pale ambapo wao waliweka kemia. Kitu usichokiona lazima utakipa jina.

Sasa, yale maziwa 60. Nilimpigia bwana mifugo. Hakuniuliza habari ya binti. Swali lake lilikuwa moja tu: "Kati ya wafugaji wako, nani amechoma ng'ombe sindano wiki hii?"

Nikawapigia mmoja mmoja. Wa tano akasema ndiyo, ng'ombe wake alikuwa na ugonjwa wa kiwele, amewekewa dawa kwenye chuchu siku mbili zilizopita. Antibayotiki, ya jamii ya penisilini. Dawa ile imewekwa kuua bakteria wa kwenye kiwele, lakini haiulizi huyu ni wa ugonjwa na huyu ni wa mtindi. Ikatoka na maziwa, ikaingia kwenye dumu, ikamwagwa pamoja na ya wenzake. Kuichemsha hakuiondoi. Nilipotia mbegu, mifugo yangu iliingia kwenye banda lililonyunyiziwa sumu. Ng'ombe mmoja tu alitosha kuharibu maziwa ya wafugaji saba.

Nilimwita binti, nikamwomba msamaha mbele ya jirani yuleyule.

Karibuni tuchangie: mtindi, mbege (ile pombe yetu ya ndizi na ulezi), togwa (uji uliochachuka), na vinavyoharibika pia.

#2 Mchangiaji (Majengo)

Pole kwa hasara dada. Ila usifute kila kitu cha wazee. Bibi yangu wa Uru alikuwa mpika mbege anayejulikana kijiji kizima. Pipa lake la mbao hakuna aliyeruhusiwa kulipitishia sabuni. Linasuuzwa kwa maji, linaanikwa, basi. Na mtu akishaingia na mafuta mikononi anatolewa nje. Utaniambia naye alikuwa anabahatisha?

#3 Mleta uzi

Hapana kaka, bibi hakubahatisha hata kidogo. Umenigusa pale ninapopapenda, acha nieleze taratibu.

Ndizi za mbege zinaivishwa mpaka ganda linaanza kupiga weusi, kisha zinachemshwa kwa saa nyingi hadi zinageuka rangi ya hudhurungi. Mchemko wote huo umeshaua karibu kila kijidudu kilichokuja na ganda. Zinaachwa siku kadhaa, zinachacha zenyewe, tunapata nyalu. Jiulize: hamira imetoka wapi ikiwa tumechemsha kila kitu na hakuna aliyetia pakiti ya dukani? Imetoka kwenye pipa la bibi, kwenye nyufa za mbao, kwenye kata, kwenye kitambaa cha kuchujia, na hewani kwenye kile kibanda chake ambacho kila wiki kinapikiwa mbege. Bibi alikuwa anatunza mbegu yake ndani ya mbao bila kuiita mbegu. Sabuni ingemfilisi.

Halafu unakuja uji wa kimea cha ulezi, mso, unachanganywa na maji ya ndizi yaliyochujwa, na gome la msesewa linatia ule uchungu wake. Humo ndani hamira inakula sukari na kutoa kilevi na gesi, ndiyo lile povu. Bakteria wa uchachu wako pembeni yao wanatoa asidi. Kinywaji kinakuwa kizuri pale makundi haya mawili yanapolingana. Ukikiweka siku mbili tatu zaidi kikipigwa na hewa, wanaingia bakteria wa aina ya tatu, wanaogeuza kilevi kuwa siki. Wazee wanasema mbege imekufa. Mimi naona walioko hai wamebadilishana zamu.

Ninachokisema ni hiki: tutenganishe kanuni za bibi. Zinazohusu pipa, joto, ufuniko, siku za kusubiri, maji ya kusuuzia, nyingi ni za ufugaji na zina akili ndani yake. Zinazohusu mwanamke yuko katika hali gani ni za kutafuta wa kulaumiwa.

#4 Mchangiaji (Lyamungu)

Niongezee la kwetu wakulima wa kahawa, maana watu hawajui kwamba hata kahawa inachachushwa. Ukishatoa ganda jekundu kwa pulpa, ile mashine ya kumenyea, punje inabaki na ute unaoteleza. Tunaiacha kwenye tenki au ndoo siku moja hadi tatu, wadudu wanaula ule ute. Huku juu baridi ikizidi inachelewa. Kipimo chetu ni kiganja: chukua punje chache, sugua. Zikiteleza bado. Zikikwaruza kama changarawe, osha haraka. Ukipitiliza zinapata harufu mbaya, na mnunuzi akionja anaijua, bei inaanguka pale pale.

#5 Mleta uzi

Nimejifunza jambo jipya leo mangi. Hicho kipimo cha kiganja kimenifurahisha sana.

#6 Mchangiaji (Monduli)

Nimesoma yote. Sisi maziwa tunakunywa ya kwenye kibuyu, hayajachemshwa, tangu babu na babu. Kibuyu kinafukizwa kwa kaa la mti wa oloirien, maziwa yanakaa yanachacha, yana ladha ambayo mtindi wa mjini hauna. Mnaochemsha mnaua hao hao mnaowasifia.

#7 Mleta uzi

Ndugu yangu, kuhusu ladha nakubali moja kwa moja. Moshi wa oloirien unapunguza wadudu wabaya kwenye kuta za kibuyu na kuacha harufu ambayo mimi na sufuria zangu hatuna. Watafiti waliochunguza maziwa ya kibuyu ya Wamaasai upande wa Kenya, yale yanayoitwa "kule naoto" kwa Kimaasai, walikuta mwenye kutawala mle ndani ni bakteria waliyemtaja kwa jina la Lactobacillus plantarum, tofauti na wanaotawala kwenye yogati ya dukani. Huo ni urithi wa kweli.

Kuhusu kutochemsha sikubaliani, na naomba unisikilize kwa sababu nina uchungu na jambo hili.

Upo ugonjwa wa brusela. Ng'ombe au mbuzi anaweza kuwa nao na usimjue, anakula, anatoa maziwa kama kawaida. Chanzo chake kiligundulika hivyo hivyo kisiwani Malta: mwaka 1905 daktari Themistocles Zammit alipima mbuzi waliokuwa wanaonekana wazima wa afya akakuta ndio wenye vimelea, na askari walikuwa wanavinywa kila siku ndani ya maziwa. Mtu akiupata anaumwa homa inayokuja na kuondoka, viungo vinauma, jasho usiku, nguvu zinaisha. Anakwenda kununua dawa ya malaria.

Hapa Moshi kwenyewe ulifanyika utafiti kwa wagonjwa wa homa 870 waliolazwa katika hospitali mbili, matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Zaidi ya nusu yao walikuwa wamedhaniwa wana malaria. Walipopimwa vizuri, waliokuwa na malaria kweli hawakufika asilimia mbili. Miongoni mwa waliobaki kulikuwa na magonjwa yanayotoka kwa wanyama, na brusela imo.

Uchachu wa kibuyu unawapunguza vimelea hao lakini si wa kuutegemea, wanaweza kuishi siku kadhaa kwenye maziwa yaliyochacha. Kuchemsha kunawamaliza. Hata kupasha nyuzi 63 kwa nusu saa kunatosha. Sasa sikia: chemsha, acha yapoe mpaka kidole kinavumilia, ndipo uyamimine kwenye kibuyu chako kilekile kilichofukizwa, pamoja na maziwa kidogo yaliyochacha ya jana kutoka kwa mwenzio anayechemsha. Lactobacillus wako watarudi wote. Brusela hatarudi.

#8 Mchangiaji (Monduli)

Nimekuelewa. Mama yangu aliumwa hizo homa karibu mwaka mzima na kila tukimpeleka tunapewa vidonge vya malaria. Nitampeleka apimwe hiyo.

#9 Mchangiaji (Sakina, Arusha)

Dada hongera kwa uzi. Nina maswali mawili. La kwanza, huku Arusha mwezi wa saba mtindi wangu unachukua siku mbili na hautulii. La pili, nina mtoto wa miezi tisa, mama mkwe anasema nimpe togwa, mimi naogopa kumpa mtoto kitu kilichochacha.

#10 Mleta uzi

La kwanza ni banda la baridi tu. Arusha mko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, usiku wa Julai joto linashuka sana na bakteria wanazubaa. Wakizubaa wao, wengine wanaovumilia baridi wanapata nafasi, ndiyo unaona mtindi unavuta kama ute au unakuwa mchungu. Mbegu yako haina ubaya. Tia maziwa yakiwa na uvuguvugu, funika, zungushia blanketi, weka ndani ya ndoo kubwa yenye maranda ya mbao. Mimi nina sanduku la maranda na ninalitumia kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane. Mwezi wa pili hapa Moshi nalia kinyume chake: unaganda kabla sijalala, kufika asubuhi ni mkali na maji yamepanda juu.

La pili, mama mkwe wako yuko sahihi, ila fanya kwa usafi. Pika uji mzito, mzito kweli, mwiko usimame. Uache upoe uwe wa vuguvugu. Nyunyiza kijiko cha unga wa kimea cha ulezi, koroga. Ndani ya dakika chache utaona mwiko unaanza kulala, uji unakuwa mwepesi mbele ya macho yako bila kuongeza tone la maji. Hiyo bado si kazi ya bakteria, ni vimeng'enya vilivyoamka kwenye punje ilipochipua, vinakatakata wanga. Ukitia kimea uji ukiwa unachemka vinakufa na hakuna kitakachotokea. Faida yake kwa mtoto ni kubwa: tumbo lake ni dogo, uji mwepesi wa kawaida umejaa maji, huu umejaa chakula na bado anaumeza.

Ukiuacha baada ya hapo ndipo bakteria wa uchachu wanaingia kazini, na inakuwa togwa. Asidi yao inawabana wadudu wa kuharisha. Utafiti uliofanyika kwa watoto hapa Tanzania na kuchapishwa mwaka 1999 ulikuta waliokula uji uliochachushwa walikuwa na vimelea vichache vya tumbo kwenye choo kuliko waliokula uji wa kawaida. Kimea kiwe kisafi, kilichokauka vizuri, hakina ukungu. Nawa mikono, tumia maji yaliyochemshwa. Mwanzie kidogo, na ukienda kliniki mwambie nesi unachompa.

#11 Mchangiaji (Kwa Mrombo)

Hapo kwenye ukungu umenikumbusha. Mahindi yangu ya stoo yamepiga ukungu kidogo wa kijani. Mke wangu anasema tuyaoshe tukasage, moto wa ugali utaua. Penisilini si ilitoka kwenye ukungu? Na maziwa yako unasema yanapona kwa kuchemsha.

#12 Mleta uzi

Usile hayo mahindi kaka. Wala usiwape kuku na ng'ombe.

Moto unaua kuvu wenyewe. Sumu waliyokwisha kuitema ndani ya punje haiondoki kwa moto wa ugali, hata ukisonga saa nzima. Inaitwa sumukuvu, na kuvu wake mkuu ni Aspergillus flavus. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara waliumwa watu 68 kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, 20 wakafariki, ini linaharibika mtu anageuka manjano. Manyara ni jirani zetu hapo. Ukila kidogo kidogo kwa miaka haikuui leo, inajenga saratani ya ini. Ng'ombe akilishwa pumba zake, sumu inapita hadi kwenye maziwa, na hayo nayo kuchemsha hakusaidii.

Ni kweli penisilini ilitoka kwenye ukungu, Alexander Fleming aliiona mwaka 1928. Ila ule ni ukungu mwingine. Kwa rangi peke yake huwezi kuwatofautisha stoo.

Msimu ujao, kabla ya kuhifadhi fanya jaribio la chumvi. Chukua chupa kavu, tia chumvi kavu na mahindi, funga, tikisa dakika mbili tatu, weka chini. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi, rudisha juani, anika kwenye turubai na siyo ardhini. Chumvi ikishuka yote chini, hifadhi, kwenye ile mifuko ya kuzuia hewa ikiwezekana. Kuvu naye anavuta hewa kama sisi.

#13 Mchangiaji (Kwa Mrombo)

Nimeyatoa. Inauma, gunia mbili. Asante.

#14 Mchangiaji (Pasua)

Turudi kwa yule mfugaji wa tano. Ulimfanyaje? Mimi ningemkata siku hiyo hiyo.

#15 Mleta uzi

Mrejesho, wakuu.

Sikumkata. Hakuwa na nia mbaya, aliyemuuzia dawa hakumwambia zile siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye pakiti, na maandishi yenyewe ni madogo na si ya Kiswahili. Nikimkata, maziwa yale atayapeleka kwa mama mwingine asiyejua, na mtoto wa mtu atakuwa anakunywa dawa asiyoandikiwa, mpaka siku anaumwa kweli wadudu wake wameshaizoea.

Tulikubaliana hivi. Yeyote mwenye ng'ombe aliye kwenye dawa ananipigia simu, namlipa nusu bei maziwa ya siku hizo, na hayaingii kwenye dumu, yanamwagwa. Na kila maziwa yanayoshuka kwenye boda, kabla ya kuyachanganya nachota kikombe kimoja kwa kila mfugaji, nachemsha, napoza, natia mbegu kijiko kimoja, napanga vikombe saba kwenye sanduku la maranda. Kufika jioni vinaanza kuonyesha. Kikombe kikibaki maji wakati wenzake wameshika, najua pa kupiga simu. Maziwa ya siku nzima yananisubiri yamechemshwa, ila sitii mbegu mpaka vikombe vijibu.

Kazi ya vikombe nimemkabidhi binti. Ana daftari, anaandika jina la mfugaji, saa aliyotia, saa kilichoshika. Jana alikuja na kikombe cha mfugaji wa tano, akakiinamisha mbele yangu mpaka kikalala kabisa upande. Hakikumwagika hata tone.

"Shangazi," akasema, "huyu ng'ombe amepona."